Walijua, Wakaniita Mwenye Upendo

Nesi alikuwa bado hajaniangalia usoni. Alikuwa anasoma daftari lake kubwa, kidole kinateremka mstari kwa mstari, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kwa hiyo huyu mtoto alikuwa analala chumba kimoja na yule mzee?"

Nikamjibu ndiyo. Chumba kimoja. Yeye na mimi mkeka mmoja, miguuni pa kitanda cha mgonjwa.

"Wiki ngapi?"

"Miezi minne, sista."

Kidole kikasimama. Ndipo akainua macho. "Mama, mbona nyumba hii tuliiandika? Walikuja hapa padre na mama mmoja wa kanisani, mnene, ana mwanya. Wakaambiwa ni kifua kikuu sugu. Wakaambiwa atakayemuuguza aletwe apimwe, afundishwe namna ya kukaa naye, na mtoto asikanyage mle ndani. Wakasema sawa, watamwambia mhusika. Hawakukwambia?"

Nyuma ya ukuta ule mwanangu wa miaka tisa alikuwa amelala ubavu, shingo imekakamaa, hataki mwanga, hataki hata kelele ya kijiko kwenye kikombe. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Nikarudi kitandani kwake, nikakaa. Akaniuliza bila kufumbua macho, "Mama, wamesemaje?"

Nikamwambia wamesema utapona.

Siku ya sita akafa. Nimemzika, na baada yake nimeugua mwenyewe mpaka nikawa wa kubebwa. Lakini nikiulizwa siku gani ilikuwa mbaya kuliko zote, nitasema ni ile ya kidole cha nesi. Mpaka dakika ile nilikuwa mama aliyepatwa na bahati mbaya. Kidole kiliposimama nikajua kwamba kuna watu wawili walikaa, wakaongea, wakanichagua.

Ngoja nirudi nyuma nieleze vizuri, maana kuna wanaosema nina hasira tu na sina hoja.

Mimi ni mzaliwa wa Lupaso, huku Masasi. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayesoma hapa avumilie. Niliolewa juu, Newala, kijiji kimoja ukishaipita Mkunya, na nikakaa kule miaka kumi na nane. Wanawake wa kule walinipokea kwa utani. Sisi watu wa bondeni, walisema, tumezaliwa kwenye maji, hatujui thamani yake. Nikimwaga maji ya kuoshea vyombo, utasikia mtu anapiga kelele kutoka uani kwake: "Haya, Mmakua kamwaga ziwa!" Nami nawajibu, nyie Wamakonde mnaoga kwa kikombe na bado mnabakiza ya chai. Tulicheka. Sikuwa na shida nao.

Mume wangu alikwenda kutafuta maisha Lindi na maisha akayapata, yana sura na watoto wawili. Nikabaki na binti yetu mmoja, mikorosho michache na kanisa. Ndugu zangu wote wako Lupaso. Hilo mtu wa mbali anaweza kulipita, lakini sisi tunajua maana yake. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na likimpata jambo anayesimama kuuliza ni mjomba wake. Mjomba wa binti yangu alikuwa safari ya siku nzima, huko chini. Pale kijijini hakukuwa na mtu wa kuuliza. Siku zile sikuliwaza hilo. Siku hizi nawaza karibu hilo tu.

Jumapili moja mwezi wa sita, Misa imekwisha, Mama Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akanishika mkono mlangoni. Ndiye yule mnene mwenye mwanya. Jina lake sitaliandika, ila cheo chake anacho mpaka leo, kwa hiyo kijiji kizima kinajua ni nani. Aliniita Mama na jina la binti yangu, kama wote wanavyoniita hadi sasa. Jina lipo, mwenyewe hayupo.

"Mama, Mungu amekuweka moyoni mwangu tangu alfajiri."

"Kuna nini tena?"

"Mwalimu amerudishwa kutoka hospitali. Hana mtu. Watoto wako Dar, wanatuma salamu. Sisi akina mama tumeona huduma hii ni yako."

Mwalimu alikuwa mwalimu wa kanisa mstaafu. Nusu ya watu wazima wa kijiji kile walisoma katekisimu kwake, babu yake alibatizwa na wamisheni wa kwanza, na nyumba yake ndiyo ilikuwa na sebule yenye sakafu ya saruji kabla ya sebule ya mtu mwingine yeyote. Mtu wa heshima. Nikauliza anaumwa nini.

"Pumu," akasema. "Ni salfa ile. Miaka yote kapulizia mikorosho ya kanisa bila hata kitambaa puani. Pamoja na uzee."

Nikaamini, na nani asingeamini? Mwezi wa sita na wa saba kule juu mashine za salfa zinanguruma kila shamba, ile poda ya manjano inatua kwenye majani, kwenye nguo kambani, kwenye uji. Kila mtu anakohoa. Ukikohoa kanisani hageuki mtu. Kikohozi cha msimu ule kina jina tayari, na Mama Mwenyekiti alilichukua jina hilo akanipa kama mtu anavyompa mgeni kiti. Mtu aliyeokota uongo njiani asingepata unaokaa vizuri namna ile. Ndiyo maana nasema alikuja nao ameshauandaa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba niliombwa wa tatu. Wa kwanza na wa pili walikuwa wenyeji, wana kaka zao palepale, walishasikia fununu kutoka hospitali, wakakataa. Mmoja aliniambia mwenyewe, mwanangu akiwa ameshazikwa. "Dada, tulifikiri unajua. Tukasema yule mwenzetu ana imani kuliko sisi."

Basi nikahamia kwa Mwalimu na mtoto wangu. Ningemwacha wapi? Mama akienda kuuguza, mtoto anafuata, ndivyo tunavyofanya, na hakuna aliyeniambia vinginevyo. Mama Mwenyekiti alituona tunapita na mkeka kichwani, mtoto ameshika sufuria na kuku. Akapunga mkono.

Kuuguza nilikujua. Nilimuuguza mama yangu. Nilijua kumgeuza mtu asioze mgongo, kumlisha uji kwa kijiko kidogo, kumfulia mashuka kila siku, ingawa kule juu kila ndoo ilikuwa na foleni yake kwenye bomba. Nilijua pia jambo tulilofundishwa tangu kipaimara, kwamba mgonjwa asione unamwogopa. Kwa hiyo uji wake niliuonja kwa kijiko chake, akiwa anaangalia. Jasho lake nilifuta kwa kanga yangu. Akikohoa nilimwinua, nikamwegemeza begani kwangu, kichwa chake shingoni pangu, mpaka kipite.

Na dirisha nililifunga.

Hapa nitakaa kidogo. Miezi ile kule juu kuna baridi, ukungu unaingia mpaka ndani, na kwetu kila mtu anajua kwamba mwenye kifua hapigwi upepo. Dirisha lile halikuwa na kioo, lilikuwa la mbao na lina nyufa. Nikaziba nyufa kwa vitambaa, nikaweka jiko la mkaa mlangoni, chumba kikawa na joto zuri. Nikajisifu. Mwalimu akaniambia, "Mama, fungua dirisha." Nikamwambia baridi, Mwalimu. Kesho yake tena, "Fungua dirisha, mwanangu." Nikaona homa inamsemesha. Nikambembeleza kama mtoto, nikaongeza kitambaa kingine.

Siku moja akaniuliza, "Padre amekueleza hali yangu?"

"Amenieleza, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi." Niliwaza ile pumu; kwangu neno la Mama Mwenyekiti na la Padre lilikuwa moja.

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Kuanzia siku ile binti yangu akiingia anageukia ukutani. Anamwambia, "Mjukuu, kacheze nje. Nje kuna jua." Mtoto akawa anakasirika. "Mama, Babu hanipendi."

Nimemfikiria sana mzee yule. Kuna siku namtetea, nasema alidhani najua, alifanya alivyoweza kwa pumzi aliyokuwa nayo. Kuna siku nyingine nasema mtu aliyefundisha kijiji kizima amri kumi, ulimi wake ulishindwaje kutamka maneno mawili, kifua kikuu? Huyu sijamweka kwenye orodha ya ninaowadai. Sijamtoa pia.

Walio kwenye orodha ni wale wawili, na mienendo yao sasa naiona moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Mama Mwenyekiti alileta chakula kila Jumatano. Mbaazi, kisamvu, mara moja nusu kuku. Hakuvuka kizingiti hata siku moja. Alisimama uani, sufuria kaiweka kwenye kinu, anaita, "Hodi humo! Nina haraka, mama, nina kikao!" Mwanamke gani ana kikao kila Jumatano saa nne asubuhi msimu wa salfa? Nami nilitoka nikacheka naye, nikapokea, nikamshukuru. Ilifika mahali nikamtania, "Mama Mwenyekiti, ingia basi umsalimie Mwalimu, hang'ati." Akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Akasema, "Namsalimia kwa sala."

Padre alikuja na sakramenti Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Sisi watu wa kanisa letu tunakunywa kikombe kimoja, wazee kwa vijana, wenye meno na wasio nayo, na Padre yule alikuwa mkali kwa hilo. Aliwahi kuhubiri kwamba anayefuta ukingo wa kikombe kwa leso anamtukana Bwana. Sasa kwa Mwalimu, nikaona anachovya mkate kwenye divai, anamdondoshea ulimini kwa mbali, mkono umenyooka, kichwa kakigeuzia mlangoni. Kisha akanipa mimi kikombe, nikanywa. Nikajiambia ni kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza vizuri. Lakini uji alikuwa anameza! Nilikuwa namlisha mwenyewe mara tatu kwa siku. Macho yangu yaliona, na heshima ikayafumba.

Yule nesi alinieleza baadaye kwamba ugonjwa ule unapita hewani, kikombe hakina neno. Kwa hiyo Padre hata kujikinga hakujua. Alichokijua ni kwamba kuna kitu cha kuogopa, na akajikinga mwenyewe. Akatuacha sisi wawili ndani, mlango kaufunga nyuma yake taratibu, mtu mwenye adabu.

Mwezi wa nane akanihubiri. Nilikuwa nimekuja Misa mbio mbio, nanuka moshi. Akasimama pale mbele, akasema mnatafuta upendo usiojitafutia faida, mnaufikiria uko kwenye vitabu? Uko hapa, benchi la nne. Mwanamke huyu si ndugu wa Mwalimu, si kabila lake, hapati kitu, anayatoa maisha yake. Akaniita mbele. Mama Mwenyekiti akanifunga kitenge kipya kiunoni, vigelegele, ngoma. Binti yangu alikuwa anaruka ruka kwa furaha.

Nitasema ukweli kwa sababu nadai ukweli kwa wengine. Nilipenda. Mtu ambaye mumewe kamwacha, anayeitwa Mmakua wa kumwaga maji, anasimamishwa mbele ya kanisa zima anaitwa mfano. Nilirudi kwa Mwalimu natembea kama bibi harusi. Wiki ile niliziba dirisha upya. Sasa najiuliza Padre alipotamka kwamba natoa maisha yangu, alikuwa anafananisha au alikuwa ananitangazia? Nikimkumbuka sura yake siku ile, macho yalikuwa juu ya kichwa changu, yanatazama mlango.

Mwalimu alikufa mwezi wa kumi, korosho zinaokotwa. Padre akaagiza jeneza lisifunguliwe. Watu wakanung'unika, maana kwetu mtu anaagwa uso kwa uso, tena Mwalimu! Akasema ni maelekezo. Hakuna aliyeuliza ya nani.

Baada ya mazishi mtoto akaanza kuumwa kichwa. Anaamka nacho, anashinda nacho. Anatapika. Mama Mwenyekiti akaja kwangu, safari hii akaingia mpaka sebuleni, maana kwangu aliona hakuna hatari. Akamshika mtoto shavu.

"Mabibo haya," akasema. "Wanayaokota chini ya mikorosho, wanakula tumbo tupu, halafu jua. Wote wako hivi. Mpe maji ya chumvi."

"Wiki ya pili sasa, Mama Mwenyekiti. Nataka nimpeleke hospitali."

"Hospitali kwa mabibo? Korosho zako nani ataokota? Subiri Jumapili tumwombee."

Hapo. Wale wanaosema nisamehe, wasome hapo mara mbili. Kunituma bila kuniambia, anaweza kusema aliogopa kwamba mzee atakosa mtu. Lakini siku ile mzee alikuwa kaburini tayari. Hakuna aliyekuwa anahitaji tena kuuguzwa. Aliyekuwa mbele yake ni mtoto wa miaka tisa aliyelala miezi minne chumbani mle, anatapika, na yeye akijua alichoambiwa na hospitali. Neno moja lingetosha. Akasema mabibo. Kwa nini? Kwa sababu akisema ukweli, nitamuuliza tangu lini anajua. Alilinda cheo chake kwa shavu la mwanangu, akiwa amelishika.

Jumapili wakamwombea. Padre akaweka mikono yote miwili kichwani kwake. Wiki iliyofuata mtoto akaanguka uani, shingo haikunji, nikampakia bodaboda katikati yangu na dereva. Yaliyofuata nimeshayasema.

Mimi nilianza kukohoa arobaini ya mtoto haijafika. Nikapimwa. Kilekile, sugu. Dawa nilimeza miezi mingi, ngozi ikageuka nyeusi kama sufuria, nyayo zikawaka moto mpaka nikawa natembea kwa kuegemea ukuta. Kaka yangu alinichukua akanileta Lupaso. Alipouliza nilimweleza yote, na yeye akasema tupande juu sasa hivi. Nikamzuia. Nilitaka kwenda kwa miguu yangu.

Nilipopata nguvu nikaenda. Mama Mwenyekiti alikuwa anachambua korosho barazani kwake. Akasimama, akafungua mikono.

"Jamani, Mama! Mungu mkubwa! Umenenepa!"

"Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Ulikwenda hospitali na Padre mwezi wa sita?"

Akaangalia korosho zake. "Nani kakwambia?"

"Sijauliza hilo."

"Mama, mambo ya marehemu tuyaache. Mwalimu alikuwa na heshima yake. Ungetaka kijiji kimwimbe kwamba ana tibii? Aliyetufundishia watoto?"

"Na wangu uliyemwambia mabibo?"

Hapo akakasirika. Nilishangaa, lakini alikasirika kweli, sauti ikapanda mpaka jirani akatoka. "Wewe ndiye uliyempeleka mtoto mle! Nilikwambia umpeleke? Nilikwambia? Mwenyewe unajifanya mtakatifu, kitenge ulipokea, vigelegele ulipokea, leo unakuja kunihesabia!"

Nikafungua mkoba. Kitenge nilikuwa nimekibeba. Nikakiweka juu ya korosho zake, nikaondoka.

Padre alikuwa ameshahamishwa, kapewa kanisa kubwa la mjini, zaidi ya lile la kwetu mara tatu. Nikamfuata. Alinipokea ofisini, akafunga mlango, akaniambia tuanze na sala. Nikamwambia sala nimeshasali njiani. Akashusha pumzi.

"Mama, nimekubeba sana katika maombi."

"Padre, ulijua?"

Hakukana. Hilo nampa. Akasema, "Tulikuwa na mtumishi wa Mungu anakufa peke yake kwenye mavi yake. Tuliomba wawili, wakakimbia. Ungejua, usingekwenda."

"Ningekwenda."

"Unasema hivyo sasa."

"Ningekwenda, Padre. Mama yangu aliuguza wenye ukoma, nami nilishika beseni. Ningekwenda, dirisha ningefungua, na mtoto ningempeleka kwa mjomba wake Lupaso siku ileile. Angekuwa darasa la sita leo."

Akarudi kwenye hotuba yake. Upendo wa kweli haujitazami. Upendo hauulizi utapata nini wala utapoteza nini. Wewe ulitoa bila kuhesabu, Mama, na hiyo sadaka hakuna awezaye kukunyang'anya.

Nimekuwa nikilichekecha neno hilo tangu siku ile, na kwa elimu yangu ya darasa la tano nimefika hapa. Mimi sikutoa. Kutoa ni mpaka ujue unachotoa. Ukimtuma mtu dukani ukamfungia nyoka kwenye kikapu, halafu akaumwa, huwezi kusimama mazishini ukasema huyu alijitolea kuumwa. Bwana wetu mwenyewe, tunavyofundishwa, alijua. Aliambiwa anakokwenda, akaogopa, akatokwa jasho bustanini, akaomba kama inawezekana asinywe. Alipewa nafasi ya kusema hapana. Kwa sababu aliijua "hapana", "ndiyo" yake ikawa na uzito. Mimi "ndiyo" yangu niliitolea pumu. Upendo nilikuwa nao, nawaapia, ulikuwa mwingi tu, ningeweza kuutoa nikijua. Padre na Mama Mwenyekiti waliuchukua mlango wa nyuma kisha wakaupigia vigelegele mlango wa mbele. Na mtoto, yeye hakuwa ametoa kitu chochote. Sadaka yake ilitolewa na watu wawili ambao hawakumzaa.

Siku hizi nikisikia mtu anahubiri upendo wa kujitoa, namtazama mikono. Naangalia anamnyooshea nani kidole. Nimegundua hawajinyooshei. Anayehubiriwa kujitoa ni mjane, ni msichana wa kazi, ni mgeni asiye na kaka jirani. Pengine nimeharibika. Kaka yangu anasema nimeharibika, kwamba siwezi tena kupokea hata sahani ya ugali bila kuuliza imetoka wapi. Ni kweli. Nauliza.

Misa bado naenda, hapa Lupaso. Kikombe nakunywa. Wanaoshangaa nawaambia sijagombana na Mwenye kikombe.

Sasa kuna desturi yetu ambayo kila mwana wa kanisa la huku anaijua. Msichana akipata mimba bila ndoa, anatengwa. Hashiriki. Siku ya kurudishwa anasimama mbele ya watu wote, matangazo yakishasomwa, anatamka kosa lake kwa kinywa chake, watu wanamsikia, ndipo anapewa mkono. Nimewaona wengi, wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wanatetemeka, machozi yanadondoka kwenye saruji, na Mama Mwenyekiti huyuhuyu akiwa amewashika bega kuwasukuma mbele, na Padre huyuhuyu akiwaambia semeni kwa sauti, nyuma hawasikii.

Nami nadai hiyo. Sitaki polisi, ingawa kaka yangu anawataka. Sitaki pole ya ofisini mlango umefungwa. Nataka Padre arudi kanisa lile la juu, Jumapili, kanisa limejaa. Asimame na Mama Mwenyekiti. Waseme kwa sauti ya kufika nyuma: tuliambiwa na hospitali, tukaficha, mama tulimdanganya, mtoto alipougua tulijua, tukasema mabibo. Wataje jina la mwanangu kamili, lile la ubatizo, ambalo Padre mwenyewe alilitamka akimwagia maji.

Nimemwandikia Askofu barua mbili kwa mkono wangu huu. Sijajibiwa. Kwa hiyo nauliza mbele ya kila anayesoma: kama msichana wa miaka kumi na sita anasimama kwa kuzaa mtoto, aliyeficha neno mpaka mtoto akafa atasimama lini? Baba Askofu, ni nani atakayenijibu, na ni Jumapili ipi?